Mama Mkasi na Bata wa Plastiki

Mama Mkasi hakuwa mshonaji wa kubahatisha. Kitambaa kikifika mikononi mwake kwanza kilifuliwa, kikatiwa wanga mzito, kikapigwa pasi mpaka kikasimama kama ubao. Hapo ndipo mkasi wake mweusi ulipopita, na ukipita umepita. Mtaa ndio uliompa jina hilo, naye akalipokea kama cheo.

Macho yalipoanza kumchezea aliacha kushona, akabaki kukata tu. Na wakati huohuo mwanawe, fundi bomba, akamletea mkaza mwana asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano.

Huyo hakushona. Alibandika. Alikuwa na marobota ya plastiki ya rangi, anakata ua au paka kwa kiwembe, anamlaza juu ya kitambaa, anamkandamiza kwa pasi ya moto, kisha anabandua nailoni ya juu, paka huyo kabaki. Alibandika mito, akabandika mapazia, akabandika kitambaa cha kufunikia redio. Siku Mama Mkasi alipokuta kipepeo kwenye taulo lake la kufutia uso, alimwita mkwewe Bi Mabandiko, na tangu hapo hakumwita vingine.

"Kazi gani hii?" alisema. "Kubandika ni kwa plasta, na plasta huwekwa kwenye kidonda."

"Mama naye!" alicheka Bi Mabandiko, akitafuna bigijii. "Si inapendeza?"

"Inampendeza nani? Kipofu?"

Sasa ile meza ya kukatia ilikuwa ndefu, imekula chumba cha mbele chote, na mwanawe alikuwa akiitolea macho ile nafasi apange mabomba yake. Bi Mabandiko alipopata kazi ya kutengeneza aproni za watoto wa chekechea, kila moja na bata wa manjano kifuani, yule kijana akasema, "Mama, aproni zikikubaliwa, meza inabaki, mfanye kazi wote wawili. Zikikataliwa, naitoa. Nimechoka kulala na mabomba."

Mama Mkasi akapapasa ukingo wa meza. Bila meza ile angekuwa nani? Bibi wa kukalishwa kwenye kigoda na kuambiwa aangalie sufuria isimwagike. Basi akakubali kukata, shingo upande. Alifua, akatia wanga, akapiga pasi, akakata aproni zikatoka sawasawa, pembe kwa pembe. Bi Mabandiko, akitungiwa uzi na mumewe, akazipinda kingo kwa kubahatisha, Mama Mkasi akitazama pembeni ili asitapike, kisha akabandika bata wake.

Mwalimu mkuu wa chekechea alikuja, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa kuliko akili yake, kama alivyoonekana machoni pa Mama Mkasi. Akaiinua aproni ya kwanza, akaikung'uta. Bata akalegea mdomo. Akaikung'uta tena. Bata akaanguka sakafuni, ukabaki mguu mmoja tu kifuani.

"Na hii je?" Akachukua nyingine. Bata naye huyo, chini.

"Kesho asubuhi nitapita," alisema mwalimu. "Nikiwakuta hivihivi, nitatafuta watu wengine."

Alipotoka, Mama Mkasi alicheka mpaka akakohoa. "Si nilisema! Takataka. Plastiki inajua aibu, imeona kitambaa cha maana ikakimbia."

"Lakini Mama, siku zote inashika," alisema Bi Mabandiko, na safari hii bigijii ilikuwa imesimama. "Hata kwenye kitambaa cha kushikia sufuria imeshika."

"Hebu toka hapa."

Alitoka, akaenda kulia chumbani. Mwanawe Mama Mkasi alipita na futi, akaanza kupima meza upana, aone kama itapita mlangoni. Kicheko kikamkatikia mama wa watu kooni.

Akaenda jikoni akakichukua kile kitambaa cha kushikia sufuria. Kilikatwa kwenye shuka kuukuu, shuka la Bi Mabandiko mwenyewe, ambalo halijawahi kuonja wanga tangu liumbwe. Juu yake kulikuwa na jogoo mwekundu, mbaya, shingo kama bomba. Mama Mkasi akamkwangua kwa ukucha. Jogoo hakutikisika. Akamvuta kwa meno, yale aliyobaki nayo. Jogoo yuleyule, anamtazama.

Akarudi mezani, akapitisha kidole juu ya aproni moja. Laini, ngumu, inang'aa kwa wanga. Plastiki ilikuwa imeshika wanga, haikugusa uzi hata mmoja.

"Mshenzi wewe," alimwambia yule bata.

Akazibeba aproni zote uani, akazitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, akazisugua mpaka maji yakawa kama maziwa. Bata waliosalia wakaelea. Akasuuza, akaanika.

Bi Mabandiko alitoka macho yamevimba. "Mama, mbona unazifua?"

"Zilikuwa zinanuka mikono yako. Zikikauka, piga pasi ubandike upya, na acha kulialia, unaninyeshea uwanja."

Bi Mabandiko akaangalia beseni, akaangalia maji meupe, akamwangalia mkwewe. Akafungua mdomo.

"Thubutu," alisema Mama Mkasi.

Akaufunga.

Asubuhi mwalimu alikung'uta, akavuta, akakwangua kwa ufunguo. Bata wameng'ang'ania. Akazichukua zote akiwachekea bata kana kwamba amewazaa yeye, na yule kijana akarudisha futi yake mfukoni.

"Bata wenyewe wana macho kama wamekabwa," alisema Mama Mkasi, akikunjua kitambaa kingine juu ya meza yake. Kopo la wanga akalipandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya taa mbovu. Kisha akamwona mkwewe ananyoosha mkono kuuchukua mkasi mweusi, robota la plastiki kwapani.

"Weka chini! Huo ni wa nguo. Nenda na kiwembe chako."