Sabuni Ndani ya Kamyo ya Tata

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: mafuta ya mawese yakichemka ndani ya pipa nyuma ya garaji, kule Musonoi, na wapita njia wakiuliza nani anapika sombe, majani ya muhogo, nyingi hivyo. Hujazaliwa bado. Mimi mwenyewe niko shuleni kwa masista, na nakuandikia mapema kwa sababu naona watu wazima wakizeeka hasira zao zinalainika. Nikija kukusimulia habari hii nikicheka, usinikubalie. Soma hapa.

Tata, baba yangu, alikuwa anaendesha kamyo, lori la patroni wake, bosi mmoja Mzungu, akipeleka unga na samaki wa chumvi hadi Kisenge. Miezi ile ya baridi mazutu, yaani dizeli, ilikosekana. Patroni akasikia kwamba mawese yanaweza kugeuzwa mazutu: unayapasha moto, unayeyusha soda ya sabuni ndani ya alkoli kali, unachanganya, unaacha yatulie, unachukua ya juu. Ni kweli, inawezekana. Lakini alkoli iwe haina maji. Patroni hakutaka kununua ile ya famasi. Alinunua lutuku, pombe ya mahindi ambayo wamama wanaipika kwa kujificha, kwani sheria ya Wazungu haohao inaikataza! Chupa akazifungia kabatini mwake, funguo mfukoni.

Nilikuwa nimemletea Tata bukari, ugali wake wa mchana. Nikaona mchanganyiko unakuwa mzito, na juma lile lile Sista alikuwa ametufundisha sabuni: mafuta, soda, maji. Nikajua mara moja. Lutuku ina maji. Hii si mazutu, ni sabuni.

Tata naye aliona kitu. "Patroni, inashika kama uji ya batoto."

"Pasha moto, itakimbia."

Kweli, ilipopata moto ililainika, wakaichuja kwa kitambaa, wakaimimina katika tangi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno yangu. Nikaangalia viatu vya patroni, nikayameza. Msichana mbele ya Mzungu, nani amemuuliza? Nikarudi nyumbani, nikaandika yote katika daftari, nikajiona mwerevu sana.

Asubuhi, kwenye baridi, kamyo ilizimika hata kabla ya kuacha nyumba za mtaa wa Dilala. Fundi wa garaji alifika, akafungua chujio, akatoa donge la njano. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akapiga kelele: "Tata Kalala! Unikatie kipande, niko na nguo za kufua!" Watu walicheka. Tata pia alicheka kidogo.

Patroni hakucheka. Mbele ya wafanyakazi wote garajini, nami nikiwa mlangoni, alimnyooshea Tata kidole. "Wewe nakunywa lutuku yangu, kisha natia maji!"

"Mi, patroni? Mi shinywake pombe. Uliza hata kanisani."

"Kimya! Kazi imekwisha. Na nyumba yangu utoke."

Tata yangu, mwanangu! Mtu ambaye hata harusini anaomba chai! Ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nikasema chupa moja imebaki kabatini, na funguo anao yeye patroni. Tuchome kijiko kimoja tuone. Alifungua kwa dharau. Fundi akamimina, akawasha kiberiti. Moto mdogo wa bluu ulicheza, ukazima. Kijiko kilibaki na maji hadi nusu.

"Basi Kalala alipita mu tundu ya funguo!" fundi akasema, na garaji zima likaangua kicheko.

Uso wa patroni uliiva ukawa mwekundu. Alimwaga yale maji chini. "Toka," akasema. Alijua! Sote tuliona kwamba amejua, na bado alitutoa nyumbani, sisi na watoto wadogo na masufuria yetu, juma lile lile. Hata sasa mwandiko wangu unapinda kwa hasira.

Njiani Tata alikuwa amebeba meza kichwani. "Ulijua tangu siku ya kuchemsha?"

"Ndiyo, Tata."

"Ulimuambia nani?"

"Niliandika."

Alisimama. "Mu daftari? Daftari inaendeshaka kamyo?" Tukatembea kidogo. "Ungeniambia siku ile, hata mu sikio, ningekataa kumimina. Leo umesema, nyumba imekwenda, lakini hakuna mutu Musonoi atakayeniita mulevi. Asante, mama."

Hakunigombeza zaidi. Hilo ndilo linaniuma.

Basi mwanangu, ukijua kitu, kiseme wakati pipa bado liko motoni. Ukiwaogopa wakubwa, mnong'oneze mtu wako. Usingoje woga uishe. Wangu haukuisha, na maneno yakatoka hivyohivyo. Na mtu akisingiziwa mbele yako, usije kuniambia kwamba uliandika.

Mungu akupe sauti kubwa kuliko yangu. Akupe pia nyumba ambayo hakuna mtu wa kukutoa kwa sababu ulisema kweli.