Kibali cha Chemchemi

Mzee Kamera alipiga picha za maharusi bustanini, penye chemchemi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kisha askari wa jiji wakamnyang'anya kamera: sasa kupiga picha pale ni kwa kibali. Basi akaenda kuomba kibali, akapigwa danadana ofisini mpaka soli za viatu zikalika. Ofisi gani hii isiyojua neno leo?

"Bosi hayupo, mzee wangu. Njoo kesho," karani alimwambia tena bila kuinua uso.

Mzee akaona fremu pale mezani: karani mwenyewe kavaa shela, anacheka kando ya chemchemi ile ile.

"Mwanangu, picha hii si nilikupiga mimi?"

Karani akaitazama picha, kisha akamtazama yeye.

"Ulikuwa na kibali?"