Chauffage ya Kombi ya Ephraïm

Mudogo wangu Ephraïm anatengeneza motokari sawa vile mimi ninapika bukari, ugali wetu: kwa mukono, bila kitabu, na bila kukubali neno la muntu. Baba yetu alikuwa muntu wa reli, alizikwa na mafuta ya mashini chini ya makucha. Ephraïm alibakia na mafuta ile na kichwa ngumu pamoja. Akili ya kuuliza, hapana, hiyo haikugawiwa mu nyumba yetu.

Ephraïm iko na kombi ya zamani iliyotoka Ulaya, na kazi yake ni kuleta samaki kavu ya Pweto, kule ku ziwa: bamama ba soko mbele, vitunga nyuma. Uoshe na sabuni gani, kombi ile inanuka samaki. Lydie, bibi yake wa ndoa, alikuwa anamukataza kuiosha sana. Alisema harufu ile njo harufu ya kwao.

Lydie alizaliwa Pweto, na alizaliwa na ugonjwa wa damu, ile madaktari banaita SS. Adui yake ni baridi. Mu joto ya mwezi wa kumi anaimba siku yote. Mwezi wa sita ukifika, mifupa inamuuma sawa vile muntu anaitwanga mu kinu. Madaktari balikuwa bamemuhesabia miaka makumi mbili. Alifika makumi tatu na ine, na alikuwa anabacheka.

Mwezi wa tano, mama yake, Mama Nkandu, alimuita ku telefone. Macho yake ilikuwa inafunga. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kuume lilikuwa linaona sawa kupitia moshi.

"Kuya nikuone mbele hili moja lifunge nalo," alimwambia. "Miaka sita sijaona uso wako. Usiniache na sauti tu."

Kungoja joto irudi? Jicho halikuwa na kalandari. Tulitoka Kampemba, mutaa wetu, asubuhi moja, mwanzo wa mwezi wa sita, saa kumi na moja. Lydie alikaa katikati yetu, amefungwa mu blanketi mbili sawa mutoto wa juzi. Mbele yake, ku kioo cha dereva, ilikuwa inachezacheza kitu kidogo ya shaba, sawa kofia ya uyoga. Yeye mwenyewe aliifunga pale na uzi mwekundu, miaka mingi sasa. Ephraïm alikuwa ameitoa mu motere akamupa, ati haina kazi, naye aliipenda juu ya vile inang'aa.

Ephraïm alifungua chauffage, ile mashini ya kupasha moto ndani ya motokari, mpaka mwisho. Upepo ulitoka, lakini upepo sawa wa muntu anakupumulia ku shingo.

"Ephra," Lydie alisema, "huyu anatupasha moto ao anatucheka?"

"Ngoja motere ipate moto, chérie."

Tulingoja. Tulipita Ruashi na bilima ya udongo ya machimbo, motere haikupata moto. Karibu na péage, pale banalipisha barabara, Lydie alinyamaza. Muntu wa SS akinyamaza, usifurahi. Nilishika vidole vyake: baridi na ngumu sawa misumari.

"Geuza," nilisema.

"Yaya, jua itatoka sasa hivi…" Yaya ni mimi, dada yake mukubwa.

"Geuza, ninakuambia! Bila chauffage usimupeleke huyu popote. Utamuua mu barabara, na mama yake nitamwambia nini?"

Aligeuza. Neno ile nilisema mimi. Ninaliandika hapa juu bantu basiseme ni Ephraïm peke yake alichelewesha.

"Nipe siku tatu," aliniambia.

Siku tatu zikakuwa majuma tatu.

Kwanza alisema maji imepunguka. Alifungua radiateri asubuhi, motere ingali baridi, akajaza mpaka juu. Bure. Kiisha alisema kwiko hewa ndani. Alipandisha kombi ku mutelemuko nyuma ya soko, pua juu, kifuniko wazi, motere inazunguka, na yeye amesimama pale anaangalia mapovu sawa muntu anachunga maziwa ku moto. Mapovu ilitoka. Moto haikutoka. Alishika zile tiyo mbili za maji zinaingia mu chauffage. Alisema moja ingekuwa ya kuunguza, na ingine moto kidogo. Zote mbili zilikuwa vuguvugu, sawa chai ya mugeni mwenye haukutaka akuye.

"Basi imeziba," alisema. Alitoa tiyo na akasukuma maji ya robinet, bomba la kiwanja, kwa nyuma, mpaka kiwanja chetu chote kikakuwa rangi ya kutu. Lydie alikuwa amekaa ku mulango, mu jua, miguu amekunja chini ya kitenge.

"Ephra, umechinja kombi!"

"Nimeitoa ugonjwa. Kesho Pweto!"

Alisema vile kwa sauti, jirani yote basikie. Kesho yake tulizunguka Kampemba kujaribu: vuguvugu ile ile. Lydie alirudi mu nyumba. Alitoa nguo zake mu sakoshi, akazikunja upya, akazirudisha mu sakoshi.

Ephraïm alibadilisha ventilateri, ile inasukuma upepo. Alilala chini ya tableau, kule kwa usukani, anavuta kamba ya robinet ya chauffage, miguu yake inje sawa maiti. Na kila jioni telefone inalia.

"Ile mashini ya moto imekubali?" Mama Nkandu anauliza.

"Bado, mama. Kesho."

Mimi sikupita darasa la sita, lakini macho ninayo. Nilimuuliza Ephraïm: "Juu ya nini tukisimama kidogo chauffage inapata moto, tukikimbia inakufa? Na ile sindano inaonyesha moto ya motere, juu ya nini siku yote inalala chini?"

"Iache ilale, Yaya. Sindano ikilala, motere iko salama."

Nilijua mahali neno ile lilitoka. Motokari aliyokuwa nayo mbele ya hii ilichemka karibu na Kasomeno, motere ikaungua, akakaa siku ine mu pori na samaki ya bantu inaoza. Tangu siku ile, Ephraïm anaogopa moto ya motere kupita nyoka. Nilinyamaza. Ni mara moja tu katika maisha yangu nilinyamaza, na nilichagua vibaya.

Nilimwambia aende kwa Abibu, fundi wa Ruashi. Baba ya Abibu alikuwa fundi, babu yake alikuwa fundi, tangu Maniema. Ephraïm alikataa. Abibu aliwahi kumuita "docteur wa nyundo" mbele ya bantu, na kichwa ya baba yetu haisahau kitu sawa hiyo. Juma ya tatu, siku ya ine, Lydie aliamka na maumivu ku mugongo, akasema ni kidogo tu. Nilimuacha na jirani yetu Sofia, nikamushika Ephraïm ku shati, nikamupeleka kwa Abibu mimi mwenyewe.

"Karibu, Mama Daniella," Abibu aliniambia. "Na docteur? Leo njo yeye mugonjwa?"

"Cheka haraka," nilimwambia, "kiisha tengeneza."

Abibu aliingia mu kombi, akawasha, akaizungusha ku barabara mara mbili, na siye pembeni yake. Hakufungua kitu. Aliangalia sindano imelala. Kiisha macho yake ilipanda ku kioo, na akapiga ile shaba na kidole. Ikazunguka ku uzi.

"Hii inafanya nini hapa?"

"Ni ya bibi yangu. Mapambo."

"Mapambo." Abibu aliikamata, akaigeuza. "Ephraïm, hii si calorstat ya kombi hii?"

"Njo yake. Niliitoa mu joto, ile mwaka nilinunua kombi. Madereva yote tunatoa, motere isichemke."

"Munatoa yote, na mwezi wa sita munalia yote. Hii ni mulango, ndugu yangu. Motere ikiwa baridi, inafunga maji ndani mpaka ipate moto. Ikishapata, inafungua. Weye ulitoa mulango, maji inakimbia radiateri saa yote, inapoa saa yote. Chauffage itakuletea moto ya wapi?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Ephraïm alitoka akakaa juu ya mupira wa zamani, mikono katikati ya magoti.

Abibu alitia ile calorstat mu sufuria ya maji, juu ya mbabula ya makala ya bibi yake, siye batatu tukainama kuangalia. Maji ilipochemka, kale kashaba kakafungua mudomo pole pole. Miaka yote ile imetundikwa, na ilikuwa nzima. Abibu alikata joint ya kuzuia maji mu kartoni ya biskuti, akaifunga mahali pake. Kazi ya saa moja.

Kurudi, vioo ya kombi ilijaa mvuke. Nilivua pull yangu, ile sweta ya baridi. Sindano ilisimama katikati, na Ephraïm, mwenye anaogopa sindano ile, alikuwa anaiangalia na kuimba. Alipiga honi tangu kona ya mbali, Lydie asikie.

Ni Sofia alitoka. "Analia tangu saa sita," alisema.

Tulimubeba na blanketi zake, tukamuweka katikati yetu, mahali pake. Alinyoosha mikono ku mashimo ya chauffage, akaiacha pale.

"Kumbe," alisema. "Iko moto ya kweli."

"Njo hiyo, chérie. Njo hiyo."

"Basi geuza. Tuende Pweto."

"Hospitali mbele. Wiki ijayo Pweto."

Aliangalia ku kioo, uzi ulikuwa unaning'inia peke yake. "Na shaba yangu?"

"Iko ndani. Inafanya kazi."

"Ah," Lydie alisema. "Ilikuwa na kazi."

Alikufa siku ya posho, Jumamosi asubuhi. Daktari, mwanamuke wa sauti ya pole, alituambia mapafu ilijaa maji, damu ilikuwa imechoka, mambo ni mingi, baridi ni moja tu kati yake. Mimi nilisikia yote. Ephraïm alisikia neno moja: baridi.

Mimi njo nilimuita Mama Nkandu. Aliuliza ni saa gani alikufa, nikamwambia. Kiisha alisema: "Mumulete hata vile. Jicho lingali linaona kidogo."

Siku ya kwanza, Jumatatu, tulikamata barabara, asubuhi mapema, sanduku la Lydie nyuma mahali pa vitunga. Muntu wa morgue, mwenye anachunga maiti, alikuwa ametuambia: "Safari ni ndefu, musifungue moto. Baridi njo itamuchunga." Ephraïm aliitika. Alipowasha motere, mukono wake ulienda peke yake ku chauffage, sawa ulivyozoea majuma tatu. Aliusimamisha. Alisukuma kile kijiti cha chauffage mpaka ku alama ya buluu, ya baridi, mpaka mwisho, na akaendelea kukisukuma hata kilipokuwa hakiwezi kwenda tena.

Nilivaa pull mbili na kitenge juu. Yeye alikuwa na shati. Nilimwambia avae koti, alisema, "Hapana, Yaya." Tulipita pale péage, pale niliposema geuza. Hakuniangalia, na mimi sikumuangalia. Sindano ilisimama katikati safari yote, muzuri kabisa, moto yote imejaa mule chini ya viti vyetu, na siye tunatetemeka juu yake mpaka meno inagongana.

Tulifika Pweto mangaribi haijaingia. Bamama babili balimushika Mama Nkandu mikono, bakamuleta mpaka ku kombi. Alisikia harufu ya samaki, akajua ni siye. Sanduku lilifunguliwa pale pale. Aliinama na lile jicho moja, karibu, karibu sana, mpaka paji lake likagusa paji la mutoto wake. Alikaa vile. Hakuna aliyemuuliza kama aliona.

Kiisha alitafuta Ephraïm. Kwetu mama mukwe hashiki mukono wa mukwe wake, ni heshima. Siku ile aliishika yote mbili.

"Uko baridi hivi, mutoto wangu," alisema. "Ile mashini ya moto ilikataa kabisa?"

Ephraïm aliangalia chini.

"Ilikubali, mama," alisema. "Ilikubali."