Samaki Juu ya Ubao wa Reli

Harufu ilinifikia kabla sijavuka barabara: kali, chungu, kama dawa ya mende iliyomwagika kwenye moto. Ilitoka kwenye mbabula ya Yaya Fifi, jiko lake la makaa analoliweka mbele ya lango la shule ya binti yangu, hapa Katuba. Yaya Fifi, ndivyo tunavyomwita, dada mkubwa wa mtaa, huchoma samaki juu ya mbao. Analowesha ubao, anaulaza kwenye wavu, samaki anapanda juu yake na kuiva polepole kwa mvuke na moshi wa mti. Ni upishi mzuri, siupingi hata kidogo. Lakini mbao zake zilikuwa na madoa ya kijani na matundu ya misumari, maana alizibomoa kutoka kwenye yale makasha yanayobeba dawa za migodini. Nilimwambia mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa heshima, kama mtu anavyomwambia dada yake. Mara ya tatu alinicheka mbele ya wateja. "Mama Grâce, unanusa mbao kama imbwa ya duane ya mupaka ya Sakania. Kama hautaki, pita." Mara ya nne nilimkuta Grâce wangu, miaka mitano, amesimama pale, shavu limejaa. Nilimtia kidole mdomoni nikatoa kile kipande, halafu nikanyanyua beseni la kuloweshea mbao na kulimwaga lote juu ya moto. Samaki, majivu, maji, vyote vikaenda chini. Watu walisema nimepandwa na wazimu. Basi wanisikilize.

Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa baridi, ile Juni ya Lubumbashi ambapo asubuhi unatoa moshi mdomoni na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye mashuka. Papa yangu alikuwa fundi wa reli kama baba yake aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga, lakini mshahara ulikuwa umekauka, na sisi tulikula kwa samaki aliowachoma mbele ya nyumba, mtaa huuhuu wa Katuba. Alitumia mti mmoja tu, muputu, vipande vilivyobaki kwa seremala jirani. Alivikausha ukutani, akavilowesha tangu asubuhi, na jioni nyama ya samaki ilikuwa laini, ina rangi ya chai, ina harufu ya msitu baada ya mvua. Kazi yangu ilikuwa pua. Papa alivuta sigara, alisema pua yake imekufa, kwa hiyo hakuna ubao ulioingia majini bila kupita kwangu. Nilinusa mwanzo, katikati na mwisho, kisha nililamba pembe. Nikikunja uso, ubao unatupwa, hata uwe mzuri namna gani. Hakuna mtu mzima aliyewahi kubishana na uso wangu, na mimi nilitembea mtaani kama mke wa gavana.

Halafu seremala akafunga karakana, akaenda Kambove kuchimba mawe ya madini kama wengine. Mbao zikaisha. Papa akasafiri siku mbili kutafuta nyingine, na ilikuwa wiki ya Komunio ya kwanza, familia nyingi zilikuwa zimeshaagiza samaki wa Jumapili. Baba mdogo Ilunga, mdogo wake papa, ndiye aliyebaki na kazi. Akaleta taruma la zamani, moja ya yale magogo yanayolala chini ya vyuma vya reli, meusi kwa lami iliyotiwa yasioze. Alilipasua, akapiga randa mpaka weusi ukatoka wote na ubao ukang'aa kama muhogo uliomenywa. Aliamini lami inakaa juu tu, kama rangi ya mlango. Akaninyooshea. Nilinusa mwanzo, nikanusa katikati, na kule ndani, mbali, lami ilikuwepo. Aliniona nasita. Akainama karibu na sikio langu. "Nusa muzuri, mutoto. Ukisema mubaya, ni weye utaelezea papa yako juu ya nini bantu bamerudi na njaa." Nilimwogopa. Nilisema, "Iko muzuri."

Mvuke ulitoa kile ambacho randa haikufikia. Ngozi ya samaki ilipata mng'ao wa mafuta ambao sikuwahi kuuona, na mimi nilisimama pale nikiuangalia, mdomo umefungwa, huku mdogo wangu Dodo akipewa mkia kama kawaida yake kwa sababu alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa na miaka minne. Kabla jua halijazama alikuwa anatapika, midomo imevimba, macho hayatulii. Mama alimbeba mgongoni mbio mpaka zahanati, na siku mbili alilala na sindano mkononi, na siku mbili hizo mimi sikumeza kitu.

Papa aliporudi nilimweleza yote. Nilingoja kofi, halikuja. Alimwita mdogo wake, akamtaka ataje kila mtu aliyenunua, akanishika mkono, tukaanza kuzunguka mlango kwa mlango, sisi watatu. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "Samaki mulikula kwetu alipikwa juu ya mbao ya reli. Mukiona mutu anatapika, mumupeleke zahanati kwa munganga. Ni kosa ya nyumba yetu." Wengine walitutukana. Mwanamke mmoja alimwuliza kama anataka kuua mtaa mzima, na papa alijibu kwamba ana haki ya kuuliza. Natamani ningekwambia nilijivunia baba yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Dodo ni mtu mzima sasa, ana afya. Grâce aliumwa tumbo siku mbili, akapona. Munganga hakuweza kuniambia ni nini. Lakini Yaya Fifi hakugonga mlango wa mtu. Alihamisha mbabula hatua kumi kutoka langoni, akawasha upya. Na wateja wake wananiambia maji yana sumu ya migodi, vumbi lina sumu ya migodi, ubao mmoja unaongeza nini. Watu wa mtaa uleule! Wakati ule walimfokea papa kwa jambo alilokuja kuungama mwenyewe, leo wanakula wakinicheka.

Jumatatu nikaenda ofisi ya usafi ya komuni, serikali ya mtaa wetu. Karani, mzee mpole, alinipa karatasi, akaniambia niandike jina la mshitakiwa na kosa, basi. Aliposoma aliweka kidole kwenye mistari ya mwisho. "Maman, hii haina lazima." Nilimwambia, mzee wangu, piga muhuri hivyo hivyo. Akapiga. Nakala ninayo:

"Ninashitaki muuzaji wa samaki wa mbele ya shule kwa kuwapikia watoto juu ya mbao za makasha ya dawa za mgodi. Naomba mbao zichukuliwe na zipimwe, na wazazi wote waambiwe. Ninajishitaki na mimi. Harufu hiyo niliitambua siku ya kwanza. Niliongea kwa upole wiki mbili, watoto wa wenzangu wakila, kwa sababu wangu alikuwa bado hajala."