Springi za Wazito

Tangu astaafu ukunga, Sista Zipporah hakuwa na ugomvi na mtu yeyote Magarini, isipokuwa na wale waliotaka kupanda gari lake. Gari lenyewe lilikuwa Pajero kuukuu aliyouziwa na Mwitaliano mmoja wa Malindi aliyekuwa akirudi kwao, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupeleka waja wazito hospitali. Ambulensi ikikosekana, na ilikosekana mara nyingi kuliko ilivyopatikana, watu walimpigia simu yeye. Basi walipomleta mgonjwa walikuja pia na mama mkwe, shangazi wawili, jirani aliyetaka kushukishwa sokoni, na kuku wa huyo jirani. Zipporah alisimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni.

“Mimi sibebi mzigo,” aliwaambia. “Nabeba mgonjwa.”

Mgonjwa alilazwa kiti cha nyuma peke yake, mume akakaa mbele, wengine wakajijua wenyewe. Shoki zilikuwa zimekufa na springi zimechoka, na kila mtu aliyeongezeka alilifanya gari liyumbe mpaka mgonjwa atapike.

Aliyemchukia zaidi kwa sheria hiyo ni Pola, mama mkwe wa Kahonzi. Mwaka juzi, Kahonzi alipopelekwa kujifungua mimba yake ya kwanza, Pola aliachwa njiani na beseni lake la nguo. Mtoto hakuishi. Hakuna aliyesema ni kosa la Zipporah, lakini tangu siku hiyo Pola alimsalimu huku akitazama pembeni, na Zipporah aliumia kila mara.

Sasa Kahonzi alikuwa na mapacha. Daktari alimpangia upasuaji siku ya Alhamisi, akaonya asitikiswe njiani. Ndiyo maana Jumatatu Zipporah alilipeleka gari kwa Ndirangu, fundi wa kutoka Nyeri mwenye gereji nyuma ya soko la Malindi.

“Shikamoo, mama,” alisema Ndirangu. Neno hilo alilijulia pwani, na hakuchoka kulitumia.

“Marahaba. Gari hili nataka ulitengeneze chini kote, shoki na springi. Hubeba wazito, wanisikia? Wazito watupu, na njia yetu waijua.”

Ndirangu alichuchumaa, akachungulia chini ya gari, akatikisa kichwa kwa huruma. “Wazito, na hizi springi? Wachia mimi hiyo maneno. Nitakuwekea kitu ya kubeba wazito mpaka ushangae.”

Na kweli alishangaa. Jumatano alilikuta gari limeinuka kama jogoo anayetaka kuwika, ikabidi aombe kigoda ili apande. Kwenye lami lilikwenda vizuri, akamsifu Ndirangu moyoni, sifa aliyoijutia mara tu alipoiacha lami. Shimo la kwanza lilimrusha, kichwa kikagonga paa. La pili lilimvua miwani. Gari lilikuwa limegeuka kinu, naye ndiye mahindi. Alisimama kando ya barabara, akapiga simu.

“Ndirangu! Umenifanyia nini?”

“Imekuwa ngumu? Mama, hizo ni springi za kubeba tani nzima. Si ulisema unabeba wazito?”

“Waja wazito, mwanangu! Wanawake wenye mimba!”

“Ai! Kwetu mzito ni mtu mkubwa, mwenye cheo na tumbo. Nikadhani ni watu wa kampeni.”

“Zile zangu za zamani ziko wapi?”

“Zilienda na mtu wa vyuma vikuukuu. Laini naagiza Mombasa, zitafika Jumamosi. Lakini mama, hata hizi zikishiba mzigo zinalainika. Shida ni hiyo gari iko tupu, na...”

Zipporah alimkatia simu. Ati Jumamosi! Miaka thelathini ya ukunga, na leo anashindwa na neno moja.

Asubuhi ya Alhamisi alitafuta ambulensi, akaambiwa imekwenda Mombasa. Alitafuta gari jingine, halikuwapo. Akamlaza Kahonzi nyuma, akampandisha mumewe Kazungu mbele, akaondoa gari polepole. Hawakumaliza hata uzio wa shule. Gari lilirusha mkia kwenye bonde dogo tu, Kahonzi akapiga ukelele, akashika tumbo kwa mikono miwili.

Zipporah alifunga breki. Aliogopa, akakiri moyoni kwamba ameogopa. Kwenye kioo aliwaona jamaa za Kahonzi wakija kwa miguu kuelekea barabarani kusaka usafiri: shangazi wawili wanene, mawifi wawili, na Pola mbele yao, beseni kichwani. Zikishiba mzigo zinalainika. Angejua wa kumlaani angemlaani. Akashuka.

“Pandeni,” alisema.

Shangazi na mawifi hawakungoja kuambiwa mara mbili. Pola hakusogea.

“Mimi ni mzigo, sista. Ulisema mwenyewe.”

“Nilisema. Nilikukosea, Pola, na leo nakuhitaji. Nisamehe, upande, mtoto wako anaumia.”

Pola alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Kisha akampa beseni alishike, akapanda, na gari likaguna na kushuka.

Safari yote ilikuwa kero. Waliongea wote kwa pamoja. Shangazi mmoja alimfundisha Zipporah kuendesha, ilhali hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na beseni lilinuka samaki wa ng'onda. Lakini mashimo yaliyomrusha jana leo yalipita chini kwa chini. Walipofika lami, Zipporah alitupa jicho kwenye kioo. Kahonzi alikuwa amelala usingizi, kichwa mapajani mwa Pola, mkono wake ndani ya mkono wa Pola.

Jumanne iliyofuata walitoka hospitali na watoto wawili, msichana na mvulana, gari limejaa vilevile. Zipporah alipitia gerejini. Ndirangu akaja mbio na springi mpya mikononi.

“Shikamoo, mama! Zimefika, laini kabisa. Sasa utabeba mgonjwa peke yake, bila hawa watu wote.”

Maneno hayo Zipporah aliyangoja siku sita. Alikuwa ameshafungua mlango Kahonzi aliposema kutoka nyuma, “Sista, ziache hizi hizi.”

“Zitatuvunja migongo, mwanangu.”

“Zikiwa tupu. Mara ile ya kwanza nililala hapa nyuma peke yangu, sina hata mkono wa kushika. Na gari lilikuwa laini.”

Zipporah aliufunga mlango. Alitaka kumgombeza mtu, fundi, Pola, yeyote, akakuta aliyestahili kugombezwa ameshika usukani.

“Zirudishe Mombasa,” alimwambia Ndirangu, akapiga gia.

Njia panda ya Magarini jirani mmoja alipunga mkono, kuku kwapani. Zipporah alisonya, akasimama.

“Panda,” alisema. “Na huyo kuku wako pia.”