Meza Mbili Siku ya Mshahara

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu, nilishika debe. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni kule Bungoma na viatu vya kuazima, nikidhani karani ni mtu wa kukaa kitini. Meneja wa lile shamba la nje ya Kitale akanitazama viatu, akanipeleka ghalani kupima posho, yaani unga wa mahindi ambao kila kibarua alipewa kwa juma. Kufikia jioni nilikuwa mweupe mpaka kope, na vibarua walicheka wakashika mbavu. Nawashukuru mpaka leo. Kile kicheko kilinivua majivuno mapema, na majivuno ya karani ni ugonjwa mbaya.

Nyinyi vijana wa maofisini mnaona kodi imekatwa kwenye mshahara, mnakunja karatasi mnatia mfukoni. Kwetu haikuanza hivyo. Kibarua alikuwa na tikiti, kadi iliyochorwa mstari kwa kila siku aliyofanya kazi, na tikiti ikijaa ndipo alipolipwa. Alipokea mshahara wote mkononi. Kodi ya kichwa, aliyodaiwa kila mwanamume mzima, alikwenda kuilipa mwenyewe kwao, Kimilili au Cheptais, akapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo aliikunja ndani ya kibati cha kipande, kile cheti cha kazi kilichoning'inia shingoni, maana askari wa chifu akikukuta huna, kesho yake unachimba barabara.

Nilipopandishwa kuwa karani wa mishahara, mambo yakageuka. Boma la Kitale, yaani ofisi ya serikali, likawataka waajiri wa upande wetu waikate kodi wenyewe kabla ya kulipa watu, kisha stakabadhi zije baadaye. Meneja wetu, ambaye vibarua walimwita Bwana Filimbi kwa sababu hakuita mtu kwa mdomo, alifurahi sana. Watu hawataomba tena ruhusa ya kwenda kulipa kodi, alisema. Mimi nami nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa karani mpya na kila agizo lililotoka boma niliona ni la busara.

Aliyenizindua ni Barasa, nyapara wa gengi la ngano, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alinijia ofisini akasimama mlangoni.

"Karani, hiyo pesa mtakata, hiyo karatasi yake itakuja lini?"

"Baadaye, Baba Wafula. Mwezi ujao, labda."

"Labda! Si mimi nilikatwa namna hiyo kwa shamba ingine? Karatasi haikuja. Nikashikwa hapo Kimilili nikienda kuzika mama. Nilichimba barabara, bana. Mama akazikwa na majirani."

Akaendelea polepole, akiitazama kofia yake.

"Sasa Wafula anaingia tohara mwezi huu. Ni kijana yangu ya kwanza. Asubuhi akitoka mtoni na matope kwa mwili kuja kwa kisu, mimi baba yake nisimame pale aone uso yangu. Nikishikwa njiani tena, atasimama mbele ya nani?"

Alitaka mambo mawili tu. Ashike mshahara wake wote kwanza, kwa kuwa pesa ambayo hujaishika huwezi kusema umeilipa. Halafu akiitoa, apewe stakabadhi papo hapo. Gengi lake zima lilimuunga mkono, na walikuwa tayari kuondoka ngano ikiwa imekauka shambani ikingoja kuvunwa.

Nilikwenda kwa Bwana Filimbi nikamweleza. Alinisikiliza akiiva uso kama nyanya.

"Shauri gani hii? Mimi nalipa pesa, halafu naomba rudisha? Hapana! Mimi hapana taka mchezo!"

"Bwana, weka meza mbili. Kwa meza ya kwanza mimi nalipa yote. Ya pili akae karani wa kodi wa boma na kitabu chake cha stakabadhi."

"Nani taleta yeye hapa?"

"Lori yako, bwana."

Alipuliza filimbi, sijui alikuwa akimwita nani, pengine hasira zake tu. Kisha akatoka nje akaitazama ngano kwa muda mrefu. Asubuhi nikaona lori linakwenda Kitale, yeye mwenyewe akiendesha. Alikuwa mkali, alikuwa na maneno machafu, lakini siku ile alikwenda, na kwa hilo namshukuru.

Siku ya mshahara meza mbili zikawekwa chini ya mikalitusi, na karani wa kodi akakaa kwenye ile ya pili na mihuri yake. Nilimhesabia Barasa mshahara wote kiganjani. Akafunga vidole, akasimama hivyo hivyo kidogo, foleni ikimngoja nyuma. Halafu akatembea hadi meza ya pili akalipa, akaisoma stakabadhi yake juu chini ingawa hakujua kusoma, akaitia kwenye kibati.

"Sasa nimelipa mimi," akasema.

Aliporudi baada ya tohara aliniletea paja la ng'ombe limefungwa kwa majani ya migomba. Wafula hakupepesa jicho mbele ya kisu, aliniambia, na alirudia jambo hilo kila siku mpaka ngano ikaisha. Nilikula ile nyama nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Baadaye nilihamia Bungoma kwa mnunuzi wa mahindi, chini ya mhasibu mmoja Mhindi aliyenifundisha kufunga hesabu kabla ya kunywa chai. Kisha nikarudi Kitale, kwenye kiwanda cha mbao. Huko tulikata kodi mezani kimyakimya kabla mtu hajauona mshahara, na stakabadhi zilikuja kwa wakati. Kazi ikawa nyepesi, waajiri wakaacha kugombana na watu wao, na askari wa njiani wakapungua. Mabadiliko hayo yalikuwa mema, siyabezi. Lakini kila kijana niliyemfundisha nilimsimulia habari za Barasa mpaka wakawa wananitania, "Mzee wa meza mbili."

Nilipostaafu, kijana aliyerithi kiti changu aliniita kuchukua mshahara wa mwisho. Nilidhani nitapewa bahasha kama wengine. Nikakuta amevuta meza ya pili kutoka stoo na kuiweka kando ya ile yake. Akanihesabia mshahara wote kiganjani bila kukata hata senti.

"Shika kwanza, mzee," akasema. "Ni yako."

Nikafunga vidole, nikasimama. Kijana alizunguka akaketi kwenye meza ya pili, akafungua kitabu cha stakabadhi na kuningoja, wala hakunihimiza.