Mwaloni wa Nyuma ya Nyumba

Juzi, nikipita mtaa wa Harborne, niliona uyoga wa rangi ya asali umezunguka shina la mwaloni, na harufu yake ya udongo mbichi ikanirudisha uani kwetu, mtaa wa jirani wa Selly Oak, tulipohamia ughaibuni.

Nilikuwa na miaka saba. Mwaloni wetu ulikuwa umekauka matawi ya juu, na majani yaliyobaki yalikuwa madogo, ya manjano. Mzee mkata miti alipobandua gome, tuliona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Nikaangua kilio.

"Mama, ni mimi! Kila siku namwaga hapo mafuta ya samaki unayonipa ninywe."

Mama alimtafsiria yule mzee. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akasema polepole, na mama akanieleza: "Anasema ni kuvu ya uyoga, mwanangu. Ilianza kula mizizi kabla hujazaliwa."

Sikuamini; nilidhani wananihurumia tu. Leo najua mti huugua miaka mingi chini kwa chini kabla majani hayajaonyesha lolote.

Kufika alasiri mti ulikuwa umekatwa, umelala chini. Jua likaingia jikoni kwa mara ya kwanza, na mama akasimama kwenye mwanga huo, amefumba macho, akitabasamu. Nami nilifurahi, nikaona haya kufurahia kufa kwa mti.